Mimi Ndiye Niliyesogeza Ubavu wa Mashua

Nimekosa, jamani. Naanza na hilo kabla hata ya kuwaamkia, kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka. Nitasimulia habari za migomba na mvua, kisha nitaweka kalamu chini kama nilivyofanya miaka yote hii.

Mdogo wangu alikufa kwa mkono wangu. Mtu mwingine akafungwa mnyororo kwa kifo hicho, na mkono wake wa kulia niliuvunja mimi mwenyewe, huku nikilia kama mtu aliyeonewa!

Jina sitaji. Wanaonijua watanijua tu.

Ilikuwa enzi za Mdachi, yaani Mjerumani. Mimi ni Mmeru wa mlimani, na useremala nilijifunza kwa wamisionari: madirisha, meza, mabenchi ya kanisa. Nilioa Mwarusha wa Moshono, Nasieku, na kaka yake Loishiye naye alikuwa seremala. Yeye hakufundishwa na mzungu. Alianza kwa kuchonga mizinga ya nyuki, akaja kujenga nyumba za walowezi, na mbao zilimtii. Tulipendana. Kazi tulitafuta pamoja, chakula tulikula sahani moja.

Tulipata kazi kwa Mdachi mmoja mwenye shamba la kahawa karibu na ziwa Duluti. Tulimwita Bwana Kiko, maana kiko hakikutoka mdomoni hata akitukana. Siku moja akatuita uani, akatandaza mchoro juu ya pipa, akasema anataka mashua ya kuvulia samaki na kuwatembeza wageni wake ziwani.

Mashua! Sisi watu wa mlimani tunajua nini habari za mashua? Mti tuliozoea kuuchimba tumbo ni mzinga, au lile hori la kuivishia pombe ya ndizi. Lakini Bwana Kiko alishajenga mashua kwao, akatuonyesha kila kitu mwenyewe, na hasira zake zikiwa hapo hapo pembeni.

Kwanza tulilaza mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, kipande kimoja cha mti wa loliondo, kizito kama jiwe. Juu yake tukasimamisha mataruma, yaani mbavu, huku na huku. Halafu tukavuta uzi kutoka mbele hadi nyuma, katikati kabisa. Ubavu wa kulia na mwenzake wa kushoto lazima ziwe mbali sawasawa na ule uzi. Ubavu mmoja ukitokeza nje hata upana wa kidole, ubao wa kupigilia juu yake haulali. Ukiubana huku, unafunguka kule. Maji yanataka nini zaidi?

Hapo ndipo Bwana Kiko alipotia sumu. Alisema, "Wewe upande wa kulia. Wewe upande wa kushoto. Mwenye upande mzuri, nyapara. Mwenye upande mbaya, kubeba mizigo pwani."

Kubeba mizigo! Kila mtu alimjua mtu aliyekwenda na mzigo wa mzungu asirudi. Nilipomtazama Loishiye, alicheka.

"Shemeji," akaniambia, "tutengeneze pande zote mbili nzuri, akose wa kumtoa."

Maneno ya mtu mwenye moyo safi. Na mimi nilicheka pia, lakini rohoni nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kasoro zake.

Sikupata hata moja. Upande wake ulikwenda kama maji. Mbao zake za mtarakwa alizikwangua zikashikana ubavu kwa ubavu, ukipitisha ukucha hauoni pa kuingia. Wangu ulikuwa mzuri, siwezi kujidharau, lakini mzuri wa meza. Wa kwake ulikuwa na uhai. Bwana Kiko alipita, akapapasa upande wa shemeji, akaguna kwa kuridhika. Akapapasa wangu, akapita zake.

Basi nikaona mizigo ile kichwani kwangu. Nikaona na jambo jingine, nalisema kwa aibu: nilimwona Nasieku akimsifu kaka yake mbele yangu. Hakuwahi kumsifu! Nilimtungia tu mwenyewe, nikamchukia kwa hilo.

Mchana mmoja Loishiye alikwenda kunywa uji na vibarua. Uani nilibaki peke yangu. Nikachukua nyundo. Nikaingia upande wake, penye ubavu wa katikati aliokuwa bado hajaufunika. Nikang'oa kabari, nikaugonga ubavu ukatoka nje, si sana, kidogo tu, kisha nikaupigilia msumari mpya upande wa ndani. Kichwa cha msumari nikakipaka udongo. Nikarudi kwangu, nikaendelea kupiga randa na kuimba wimbo wa kanisani.

Ndiyo! Wimbo wa kanisani!

Loishiye aliporudi akaweka ubao. Haukulala. Akaubana, ukafunguka nyuma. Akaubana nyuma, ukafunguka mbele. Akautoa, akautazama kwa jicho moja, akauweka tena. Jasho lilimtoka. Hakuwahi kubishana na mbao namna hiyo.

"Shemeji, hebu njoo uone," akaniita. "Kuna nini hapa?"

Nikaenda. Nikainama. Nikapitisha mkono mahali nilipopajua. Nikasema, "Ubao wako umekauka vibaya. Upunguze."

Akaniamini! Akaupunguza, ukawa mwembamba kama kaki, na bado uwazi ukabaki.

Bwana Kiko alikuja na rafiki zake kuwaonyesha mashua. Akauona ule uwazi. Akatoa kiko mdomoni. Mbele ya wageni akampiga Loishiye kofi, akampiga teke la tumbo, na alipoanguka akamkanyaga shingo kwa buti.

"Hamsa ishirini!" akapiga kelele, yaani viboko ishirini na vitano.

Walimlaza juu ya lile pipa la mchoro, vibarua wawili wakamshika mikono. Bwana Kiko akaninyooshea kiboko mimi.

"Wewe nyapara sasa. Piga!"

Mtaniambia nililazimishwa. Wengi waliniambia hivyo, na niliwaacha waamini. Sikilizeni. Viboko vya kwanza nilipiga kwa hofu, hilo kweli. Lakini Loishiye aligeuza uso akaniangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Pole, shemeji. Piga tu umalize." Ananipa pole mimi! Kitu kikanipanda kichwani. Nilitaka afumbe macho yale. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, nikapiga hadi ngozi ikapasuka na damu ikaruka ikanipata shavuni. Hesabu ilipokwisha niliongeza kimoja. Hakuna aliyeniamuru.

Hakulia. Mimi nilikwenda kunawa shavu nyuma ya ghala.

Baada ya hapo upande ule ukawa wangu kuumaliza. Dawa niliijua: ning'oe msumari wangu, nirudishe ubavu mahali pake, niweke ubao mpya. Kazi ya asubuhi moja. Lakini vibarua walikuwepo, na msumari mpya ukitoka penye ubavu wa zamani, kila mwenye macho angeuliza nani aliutia. Nikaogopa msumari kuliko nilivyoogopa maji.

Nikaubana ule ubao kwa kamba na kabari mpaka ukalia. Nikaupigilia ukiwa umepindwa kwa nguvu kama upinde. Penye uwazi nikajaza pamba, nta na mafuta ya kondoo, nikapiga rangi. Ukiutazama, ulipendeza! Bwana Kiko alinipiga begani.

Loishiye hakupelekwa pwani mara moja. Bwana Kiko alisema atamweka apige makasia, ajifunze mashua kwa makalio yake. Wa pili wa kupiga makasia alitafutwa, na aliyejitokeza mbio alikuwa Sakita, mdogo wangu wa tumbo moja.

Sakita alifanya kazi kwenye farasi wa Bwana Kiko. Mtu mzima, mabega mapana, alikuwa ametoka kulipa mahari. Alipenda kila kilicho kipya. Siku ya kuishusha mashua alikuja amejipaka mafuta kama anakwenda ngomani.

"Kaka," akaniambia, "nitakuwa Mmeru wa kwanza kutembea juu ya Duluti!"

Nilimshika mkono. Mdomo niliufungua, nawaapia. Bwana Kiko alikuwa amesimama pale na saa yake mkononi. Nikasema, "Usiende mbali."

Hayo tu. Usiende mbali! Kana kwamba ziwa lile lina karibu. Duluti ukiondoka ukingoni hatua chache, mguu hauna chini.

Wakaondoka. Watu wakashangilia ukingoni, akina mama wakapiga vigelegele. Sakita alinyanyua kasia juu, akaimba. Loishiye aliketi ameinama kwa sababu mgongo ulikuwa bado mbichi. Walipofika katikati Bwana Kiko akawapigia kelele wageuze. Waligeuza kwa nguvu, mashua ikalalia upande ule.

Nikasikia mlio. Paa! Kama bunduki. Ubao wangu ulifunguka wote kwa pamoja, kama mlango uliopigwa teke.

Mashua ikajaa kabla wanawake hawajanyamaza. Nilimwona Sakita akisimama, akaanguka, akaibuka akiita jina langu. Si jina la Mungu, si la mama. Langu. Loishiye, naye hajui kuogelea, alikumbatia ubao mmoja akawa anamsogezea kasia. "Shika! Shika!" Sakita alilishika, wakazama wote, kasia likaibuka na mtu mmoja.

Mimi nilikuwa nimesimama maji yakinifika magotini. Sikwenda mbele.

Upepo na mateke aliyoyapiga majini vilimleta Loishiye kwenye matete. Walimvuta nje anatapika maji. Na hapo, ndugu zangu, mngetegemea nianguke chini nikiri. Kama ningekiri hapo huenda ningesamehewa hata na Mungu.

Nilichukua nyundo ya mti. Nikamrukia. "Muuaji! Umemuua mdogo wangu! Upande wako huu! Upande wako!" Nilimpiga kichwani, nikampiga mbavuni. Hakujikinga. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya jiwe, umetandazwa, na niliupiga hapo. Nikaupiga tena, mpaka vidole vikaacha kufanana na vidole. Mkono ule uliochonga upande wenye uhai!

Unajua alisema nini? "Nipige, shemeji. Mimi ndiye niliyemuua."

Alikuwa ameamini! Alifikiri kosa ni la ule ubavu wake, uliotoka njiani bila yeye kujua. Na mimi niliisikia imani hiyo ikimwingia, nikamwachia.

Bwana Kiko alilia kwa ajili ya mashua. Akanichapa mimi kiboko cha uso, alama ninayo hadi leo, akampeleka Loishiye bomani kwa kuharibu mali ya mzungu na kuua mtu. Nikaitwa kusema. Mzungu mwenye meza akauliza kwa mkalimani, "Upande uliopasuka ulijengwa na nani?"

"Na yeye," nikajibu. Ubao nilioupigilia mimi sikuutaja.

Loishiye akatikisa kichwa kukubali. Wakamvisha mnyororo wa shingo, yeye na wengine, wakaenda kuvunja mawe ya barabara. Kwa mkono ule!

Sakita tulimzika maji yalipomrudisha. Mama yangu hakunyanyua macho. Nasieku mke wangu, dada wa "muuaji", alihudumia msiba mzima akitembea kwa kuinama kama mtu anayeomba radhi kwa kila hatua. Alikuwa akimpikia mama kabla hajala yeye. Na mimi, badala ya kumhurumia, siku niliyoona chumvi imezidi nilimpiga kwa mwiko wa ugali hadi ukavunjika, nikamwambia mbele ya watoto, "Damu yenu ni ya kuua!" Alijifuta damu puani, akasema, "Najua, baba watoto. Nisamehe." Alininyenyekea hivyo miaka.

Vita vikaja. Waingereza wakapanda, Wadachi wakakimbia na Bwana Kiko akakimbia nao, na waliokuwa kwenye minyororo wakatawanyika. Siku moja mchana niko kwenye migomba, nikasikia kengele za ng'ombe. Nikatoka. Loishiye alikuwa amesimama nje ya ua wangu, amekonda, mvi kichwani, ule mkono ameufunga kwenye shuka kama kitu cha kuazima. Nyuma yake kulikuwa na mitamba na madume, mali ya ukoo wake wa Moshono.

"Hodi, shemeji," akasema. Akamgeukia mama yangu, akapiga magoti. "Shikamoo, mama. Nimeleta fidia ya mwanao. Najua haimrudishi."

Mama alimwekea mkono kichwani, akalia kwa mara ya kwanza tangu Sakita azikwe. Akamwita mwanangu.

Na mimi? Niliwapokea wale ng'ombe, jamani! Niliwafungulia zizi. Nilikunywa maziwa yao, nikawachinjia wageni, nikaitwa mtu mwenye mali. Kila tonge lilipita kooni. Dhambi haina mfupa wa kukukwama, msidanganyike.

Kilichonivunja hakikuwa ng'ombe. Loishiye alizoea kuja kumwamkia mama. Siku hiyo mama alimwomba amtengenezee kigoda chake, mguu mmoja ulikuwa unacheza. Kazi ya kugonga kabari moja tu, hata kwa mkono wa kushoto inawezekana. Loishiye alikishika kile kigoda, akakigeuza. Akakiweka chini.

"Nisamehe, mama. Sigusi mti tena."

"Kwa sababu ya mkono, mwanangu?"

"Mkono ni kitu kidogo. Jicho langu limepinda. Nilitazama ule ubavu nikauona umenyooka, kumbe umepinda, na mtu akafa. Huko kwenye mawe niliurudia kichwani kila siku nitafute nilipokosea, sikupaona. Mtu asiyeona kosa lake ataua tena. Hata mlango wa nyumba yangu nimeung'oa, nimeweka ngozi."

Nasieku alikuwa anapeta mahindi. Alisimama akajifunika uso.

Nikasema. Sijui nani alinifungua mdomo. "Ubavu wako ulikuwa umenyooka. Niliusogeza mimi. Ulipokwenda kunywa uji."

Loishiye hakuuliza kwa nini. Hakuuliza habari za viboko, wala mnyororo, wala ng'ombe. Alisema polepole, "Rudia."

Nikarudia. Nyundo, kabari, msumari, udongo.

"Kumbe jicho langu lilikuwa sawa," akasema. Machozi yakamtoka, na usoni alikuwa kama mtu anayetabasamu. "Kumbe lilikuwa sawa!"

Ndipo akainuka. Alichukua fimbo yake kwa mkono wa kushoto, akanipiga. Meno haya ya mbele hayapo tangu siku hiyo. Alinipiga mgongo, akanipiga magoti, mpaka fimbo ikakatika, na sikunyanyua mkono. Nasieku hakusema "mwache". Aliyesema alikuwa mama.

"Mwache, mwanangu," alimwambia yeye. "Huyu akifa leo atakuwa amepumzika. Mwache aishi."

Akachukua kibuyu cha maziwa, akayamwaga yote chini mbele yangu. Nilikuwa nimelala pale, yakanifika mdomoni yakiwa na damu.

Jioni hiyo ng'ombe waliobaki walirudi Moshono. Nasieku alikwenda nyuma yao na watoto, hakugeuka. Mama alihamia kwa dada yangu. Nilimfuata mara nyingi, akaniitikia salamu kama anavyomwitikia mpita njia.

Alipokufa walinipa habari, hawakuninyima. Nilifika kaburini nikasimama na wanaume. Wakati wa mtoto wa kiume kutia udongo wa kwanza, nilisogea. Mjomba wangu akanipita kama mti, akampa koleo Loishiye. Alilipokea kwa mkono wa kushoto, akaegemeza mpini kwenye kile kigutu cha vidole, akatia udongo taratibu, sawasawa, kama anayepanga kitu kilale mahali pake. Nasikia sasa anachonga tena, na vijana wa Moshono wanakwenda kujifunza kwake. Mimi sijawahi kukanyaga ua ule.

Wewe unayesoma, na una mwenzako kazini anayekushinda: mwache akushinde! Nakuomba. Ubebe hata hiyo mizigo, utoke jasho, ufe njiani ukiwa mtu. Na kama umeshasogeza kitu chake, usingoje kesho, rudi ukakirudishe leo hii, watu wakiwa wanatazama, msumari wako uonekane, wakupige. Kipigo kinapona. Mimi nimepigwa na mzungu na nimepigwa na shemeji, na kote nilipona. Sijapona kule kuitwa jina langu kutoka kwenye maji, nami nimesimama, maji yananifika magotini.